Oili nzito si dawa ya uzee

Jamani, mzee asiye na meno unampa ugali mgumu? Basi mwenzenu nilifanya hivyo kwa pikapu ya mjomba!

Ni ya dizeli, imeshapita kilometa 300,000, na ndiyo inayobeba kahawa na mahindi yetu hapa Mlowo. Ilipoanza kutoa moshi wa bluu, fundi mmoja akaniambia: "Mshkaji, weka namba 40, ile nzito, moshi utakata."

Kweli ukapungua. Lakini baridi ya asubuhi Mbozi mnaijua: nikiwasha, injini inagonga kama cherehani bovu, na taa ya oili inachelewa kuzimika!

Mjomba akafungua kitabu cha gari: 15W-40, ya dizeli. Kumbe namba ya mbele, yenye W, ni ya baridi. Ikiwa ndogo, oili inapanda upesi. Ya nyuma ni uzito wake injini ikishapata moto. Oili nzito inaficha ringi zilizochoka, haizitibu.

Siku hizi tunamwaga oili kwa wakati, na kila asubuhi navuta stiki kabla ya kuwasha. Imepungua? Naongeza. Maana injini ikinoki, nyumbani tutakula nini?