Thamani ya spika si wati wala kilo

WENYE mabanda ya video huko Nemba, mkoani Kagera, pamoja na wawekezaji wadogo wanaokusudia kuingia katika biashara hiyo, wana sababu ya kutazama upya namna wanavyonunua spika. Mnunuzi akiingia dukani huvutiwa kwanza na ukubwa wa boksi, kisha na idadi ya wati iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Historia ya majumba ya sinema inaonyesha kuwa vyote viwili vinaweza kumtia hasara.

Banda la video huishi kwa sauti ya binadamu. Wateja huja kumsikiliza mtafsiri anayeifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili, au mtangazaji wa mpira. Kiingilio ni kidogo, na faida hupatikana pale mteja anaporudi kesho na keshokutwa. Maneno yasiposikika vizuri, mteja huhamia banda la pili bila kuaga.

Tatizo hilo liliwakabili wenye sinema tangu mwanzo. Filamu zenye sauti zilipoanza kushika soko mwaka 1926 na 1927, amplifaya za valvu za wakati huo zilitoa wati chache tu, wakati kumbi zenyewe zilikuwa na viti elfu moja na zaidi. Mafundi wa kampuni ya Western Electric ya Marekani walilitatua kwa kutumia spika za tarumbeta. Tarumbeta huikusanya sauti na kuielekeza kwa wasikilizaji, kama mtu anavyoweka viganja mdomoni anapomwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya filamu ya MGM, chini ya fundi wake mkuu wa sauti Douglas Shearer, ilitengeneza mfumo uliokuwa kigezo kwa kumbi nyingine. Mwaka 1945 Altec Lansing ilitoa spika zilizoitwa “Voice of the Theatre”, ambazo zilidumu nyuma ya pazia za sinema kwa miongo kadhaa.

Siri ya spika hizo ni wepesi wa kugeuza umeme kuwa sauti. Wepesi huo hupimwa kwa desibeli zinazopatikana umbali wa mita moja spika ikipewa wati moja. Spika nyingi za nyumbani hutoa desibeli zipatazo 86 hadi 90. Spika ya tarumbeta ya sinema hufikia 100 na zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kila nyongeza ya desibeli 10 hudai umeme mara kumi. Ili kupata desibeli 110 kwa umbali huo, spika ya desibeli 90 huhitaji wati 100, na spika ya desibeli 100 huhitaji wati 10 tu.

Kwa mfanyabiashara wa Nemba, hesabu hiyo inagusa mfuko. Wilayani Ngara kuna mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana. Lakini penye banda ambalo halijafikiwa na nyaya, au umeme unapokatika katikati ya mechi, kazi hurudi kwa jenereta au betri ya sola. Spika nyepesi huruhusu amplifaya ndogo, na amplifaya ndogo huruhusu betri ndogo. Matumizi ya mafuta hayatapungua mara kumi, kwa kuwa televisheni nayo inakula umeme, lakini mtaji wa kuanzia hupungua.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba vya kale vilikuwa bora kwa kila jambo. Spika za zamani zilikuwa hodari katika maneno, lakini hazikushuka sana kwenye besi, na sauti kali za juu zilipunguzwa kwa makusudi ili kuficha mikwaruzo ya filamu. Dolby katika miaka ya 1970, viwango vya THX mwaka 1983, sauti ya dijitali mwaka 1992 na Dolby Atmos mwaka 2012 viliongeza mengi. Aidha, ukumbi wa kisasa uliotengenezwa ipasavyo hupimwa kwa vyombo: kila spika ya nyuma ya pazia hurekebishwa kwa desibeli 85 pale wanapokaa watazamaji, na kuachiwa nafasi ya desibeli 20 kwa vishindo. Penye kelele nyingi na maneno machache, kosa linaweza kuwa katika urekebishaji wa ukumbi au katika uchanganyaji wa filamu yenyewe. Kuongeza wati hakutaliondoa.

Upande wa pili wa biashara hii ni spika kuukuu zenyewe. Sumaku zake nyingi zilikuwa za alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Mapigano ya Shaba, Zaire, mwaka 1978 yaliitikisa Kolwezi, kitovu cha kobalti. Bei rasmi, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka huo, ilifika dola 25 mwaka 1979. Watengenezaji wengi wa spika walihamia sumaku rahisi za feraiti. Tangu hapo alniko imekuwa kitu cha kutafutwa, na wakusanyaji wa Japani, Korea Kusini, Ulaya na Marekani hushindania spika za zamani za sinema.

Nchini Tanzania video za miaka ya 1980, kisha televisheni iliyoanza Bara mwaka 1994, zilifunga kumbi nyingi. Anayekutana na spika ya aina hiyo kwenye chuma chakavu asiinunue wala kuiuza kwa kilo kabla ya kusoma kibao cha jina na namba ya mtengenezaji. Asibadilishe karatasi ya spika wala kusuka koili upya, maana mkusanyaji hulipia vifaa vya asili, hasa vikiwa jozi. Lakini mzigo huo ni mzito na wanunuzi wako mbali. Asiyekuwa na mnunuzi wa uhakika asifunge mtaji wake humo.

Kwa banda, la busara ni kununua spika mpya ya tarumbeta iliyotengenezwa kwa mikutano. Muuzaji aulizwe wati za RMS, si za PMPO ambazo hukuzwa kwa ajili ya tangazo. Aulizwe pia desibeli kwa wati moja. 97 na kuendelea inafaa. Spika ijaribiwe kwa sauti ya mtu anayezungumza, si kwa muziki wa besi. Ikishanunuliwa, iwekwe juu ya vichwa ikielekea viti vya nyuma, mbali na bati, na ukuta wa nyuma utundikwe magunia au mazulia kupunguza mwangwi. Amplifaya isikazwe hadi ikwaruze, kwani hapo ndipo koili za twita huungua.