Kin-chan, Kibarua wa Safu ya Pili

Hadi anamaliza sekondari, Hitoshi Ono alikuwa mtu wa besiboli. Raga ilimkuta chuoni, katika kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Nihon kilichopo Koriyama, mji alikozaliwa mwaka 1978 mkoani Fukushima. Kijana wa sentimita 192 hafichiki. Wapenzi wa raga chuoni wakamvuta uwanjani.

Timu ile haikuwa na jina kubwa. Hata hivyo, mwaka 2001 Toshiba Brave Lupus, timu ya kampuni yenye makao yake Fuchu, Tokyo, ikamchukua. Miaka mitatu baadaye alivaa jezi ya taifa dhidi ya Korea Kusini.

Ono alikuwa loki, mmoja wa wale wawili wa safu ya pili wanaoingiza vichwa kati ya nyonga za wenzao wa mbele na kusukuma skramu kwa mabega. Mpira ukirushwa kutoka pembeni, loki huinuliwa juu kuudaka. Trai hufungwa na wengine, yeye anatoka na masikio yaliyovimba. Mashabiki wa Japani, angalau, hawakumsahau. Walimwita Kin-chan, kwa kuwa herufi ya jina lake husomeka pia Kin.

Na alivumilia mengi. Kombe la Dunia la 2007, Australia iliwachapa 91-3. Mwaka 2011, New Zealand ikawapiga 83-7. Katika mashindano hayo mawili Japani haikushinda hata mechi moja. Ilichoambulia ni sare mbili, zote na Kanada. Hadi hapo, ushindi wao pekee katika Kombe la Dunia ulikuwa ule wa 1991 dhidi ya Zimbabwe. Wengi wangetundika viatu.

Septemba 19, 2015, mjini Brighton, Ono akiwa na miaka 37 alianza dhidi ya Afrika Kusini, wakati huo mabingwa mara mbili wa dunia. Dakika za mwisho Japani ikiwa nyuma 29-32, ilipata penalti. Sare ilikuwa mkononi. Nahodha Michael Leitch akachagua skramu, na Karne Hesketh akafunga trai kwenye kona: 34-32. Ono alikuwa ameshatolewa. Skramu ile aliitazama akiwa nje ya mistari, baada ya kuwachosha Waafrika Kusini kwa kipindi kizima cha kwanza na zaidi.

Alistaafu mwaka 2020, akiwa na miaka 42. Alikuwa ameichezea Japani mechi 98, nyingi kuliko mchezaji yeyote kabla yake.