Mume katika Kauli ya Kutendwa

Kiambishi cha nafsi katika Kiswahili hakibagui jinsia. Tukisema "anapika" au "analima", msomaji hajui kama ni mke au mume. Ndoa ndiyo inayoumbua: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makala haya yanadai kwamba uanaume, majumbani na katika riwaya zetu, umefungwa kwenye kitenzi kuliko kwenye mwili, na wahakiki wenzangu tumelipita jambo hili kijuujuu.

Hebu tuanzie mtaani. Kwetu Misigiri, pale njia panda ya Kiomboi, mume akionekana na ndoo ya maji watasema kalishwa limbwata, au "kakaliwa". Akihamia kwa mkewe, "kaolewa". Tazameni, matusi yote ni kauli ya kutendwa! Lakini mama anayesomesha watoto kwa kuuza mafuta ya alizeti husifiwa: "Yule mwanaume bwana." Na hakuna anayeshangaa.

Sasa tumchukue Zakaria katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Tumezoea kumwita baba mlevi na mkali, basi. Mimi naona zaidi. Cheo cha mume anacho, fimbo anayo, ila nyumba inabebwa na Regina, mkewe. Kitenzi anachokimudu ni kupiga. Kwa mengine yeye ni mtendwa kama yule wa limbwata, ila yeye hachekwi.

Mwaka uleule wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa, iliyosema ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, na ikakataza kumpiga mwenzi. Kumbe kwa Wakurya wa Mara kuna nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kuoa binti, na watoto wa binti huyo huwa wa nyumba ya mwoaji. Sheria yetu haiitambui. Nchini Kenya, mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Mombasa ilimkubali mke wa ndoa ya namna hiyo, ya Kinandi, kuwa mrithi. Mwanamke kaoa, na sarufi haikuvunjika.

Tusimvishe mwoaji huyo joho lisilo lake, jamani. Hasemi yeye ni mwanamume, ameshika nafasi. Mtu aliyelelewa kama binti na anayejijua kuwa mwanamume ni habari nyingine: yeye anadai nafsi. Lakini akishakuwa na nyumba yake, ndiye anayelazimika kujiuliza swali ambalo Zakaria hakuulizwa na yeyote: mume afanye nini humo ndani? Achukue fimbo, au ndoo? Katika riwaya tunazosoma darasani simkuti mtu huyu.

Semina ijayo tunaingia Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), ambamo Maksuudi anamfungia mkewe Tamima ndani. Napendekeza, kabla ya kumhukumu, tuhesabu vitenzi vyake.