Ruzuku ni Amana: Kuomba na Kusimamia Fedha za Utafiti wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii inaafiki hali ya mhadhiri wa Kiswahili anayehitaji fedha za utafiti. Kwa muda mrefu wataalamu wengi wa lugha wamekuwa wakiichukulia kazi ya kuomba ruzuku kuwa shughuli ya wanasayansi wa maabara. Natija yake ni kwamba tafiti nyingi za nyanjani hutegemea mshahara wa mtafiti na hukatika njiani, ilhali malenga wakongwe wa Lamu, Siyu na Pate wanaaga dunia pamoja na tungo ambazo hazikurekodiwa. Makala haya yananuia kufafanua namna ruzuku inavyoombwa na inavyosimamiwa. Hoja kuu ni kuwa ruzuku si zawadi bali ni amana, na kwamba bajeti, ambayo aghalabu huandikwa usiku wa mwisho, ndiyo inayodhihirisha iwapo mwombaji anastahili kuaminiwa.

Mfadhili na Azma Yake

Kila mfadhili ana azma yake, na mwombaji asiyeielewa hupoteza juhudi bure. Nchini Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, ikikusudia itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Mgao halisi umekuwa chini mno ya kiwango hicho. Kwa hivyo ushindani ni mkali, na mtafiti hana budi kutazama nje pia. Baraza la CODESRIA, lililoasisiwa mwaka 1973 na lenye makao yake Dakar, Senegali, limekuwa likisaidia tafiti za sayansi za jamii barani Afrika. Mpango wa Endangered Archives Programme wa Maktaba ya Uingereza, ulioanza mwaka 2004, hugharamia unakili wa kidijitali wa nyaraka kongwe zilizo hatarini. Miongoni mwa zilizonufaika ni miswada ya Msikiti wa Riyadha mjini Lamu. Nao mpango wa Endangered Languages Documentation Programme, ulioanza mwaka 2002, hugharamia uhifadhi wa lugha zinazokaribia kutoweka.

Tofauti za azma hizi ni muhimu. Anayeuandikia mpango huo wa mwisho akitaka kuchunguza Kiswahili sanifu atakataliwa hata pendekezo lake likiwa zuri, kwa kuwa Kiswahili sanifu hakimo hatarini. Akiomba kurekodi Kidahalo, lugha ya watu wachache katika upande wa bara wa Lamu, atakuwa amebisha mlango ufaao.

Bajeti Kama Hoja

Chukulia mhadhiri anayetaka kurekodi tenzi kutoka kwa wazee 20 kisiwani Pate. Katika maelezo yake anaahidi kukaa nao, kuwarekodi, kunukuu na kufasiri. Bajeti ikionyesha siku 5 pekee za nyanjani, msomaji wa pendekezo atatambua papo hapo kwamba ahadi hiyo haitekelezeki. Ikiwa na tikiti za ndege na kompyuta mpya lakini haina ujira wa mnukuzi anayeifahamu lahaja ya Kipate, itabainika kwamba mwombaji hajaifikiria kazi yenyewe, kwani kunukuu saa moja ya sauti huchukua saa nyingi. Ikiwa haina chochote kwa ajili ya wazee wenyewe, wala nakala za rekodi za kuwarudishia, hapo pana suala la maadili.

Ratiba nayo ni sehemu ya hoja hiyo. Bahari huchafuka wakati wa kusi, Ramadhani hubadili mwenendo wa siku, na mihula ya chuo humfunga mhadhiri darasani. Aidha, fedha za ng'ambo huahidiwa kwa dola, pauni au yuro ilhali nauli ya mashua hulipwa kwa shilingi. Mwombaji makini hutaja kiwango cha ubadilishaji alichotumia na tarehe yake.

Kabla ya kuanza kazi, mtafiti huhitaji idhini ya kamati ya maadili pamoja na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Sauti na majina ya wazee pia ni data ya kibinafsi inayolindwa na sheria ya mwaka 2019. Shughuli hizi zina ada na huchukua muda, hivyo sharti ziwemo katika bajeti na ratiba.

Usimamizi wa Fedha

Aghalabu mkataba wa ruzuku hutiwa sahihi baina ya mfadhili na chuo. Mhadhiri ni msimamizi wa mradi, wala si mwenye fedha. Akipewa masurufu ya safari, kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinamtaka atoe hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurejea kituoni. Ugumu ni kwamba mwenye mashua na mama mpishi aghalabu hawana risiti. Dawa yake ni daftari la malipo lililokubaliwa mapema na mhasibu wa chuo, lenye jina, kazi, kiasi, tarehe na sahihi au alama ya kidole gumba.

Hali kadhalika, fedha zilizotengewa kifungu kimoja hazihamishwi hadi kingine kabla ya kupata ruhusa ya mfadhili kwa maandishi, pale mkataba unapoidai. Mtafiti akitambua kwamba kazi itachelewa, ni heri aeleze mapema kuliko kunyamaza hadi siku ya ripoti. Mfadhili anaweza kustahimili mvua na bahari chafu, lakini si kimya. Ikumbukwe pia kwamba hesabu isiyotolewa haimharibii jina mhadhiri mmoja tu, bali huweza kuifungia mlango idara nzima, wakiwemo wanafunzi wa uzamili ambao wangeajiriwa kama wasaidizi.

Hitimisho

Imebainika kwamba kuomba ruzuku ni kuahidi, na kuisimamia ni kutimiza. Stadi hizi hazipaswi kungojea uhadhiri. Mwanafunzi anayeandaa pendekezo la tasnifu anaweza kuambatisha bajeti ya ukurasa mmoja na kumwomba msimamizi wake aihakiki kama anavyohakiki nadharia. Vyama vya wanafunzi navyo vinaweza kuwasomea wanachama hesabu za kila kongamano. Atakayezoea kuwajibikia shilingi elfu kumi za chama hatatishika siku atakapokabidhiwa milioni za utafiti, na huenda akawahi Pate wakati wazee wale wangali wanakumbuka.