Serikali mpya ya Kenya, 2008: kwa nini wakimbizi wengine hawakurudi?

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, takriban Wakenya 12,000 walikimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba. Baadhi walipokelewa Mulanda, wilayani Tororo.

Februari 28, 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa amani. Aprili, serikali ya mseto ikaapishwa. Mei, ikaanza kuwarejesha makwao waliohamishwa ndani ya nchi: Operesheni Rudi Nyumbani.

Huko Mulanda maoni yaligawanyika. Wengine walirudi. Wengine waliona wakubwa wamepatana, lakini majirani bado: nyumba zimechomwa, mzozo wa ardhi uko palepale. Hao walihamishiwa makazi ya Kiryandongo.

Kumbuka: amani ikitangazwa, mkimbizi halazimishwi kurudi. Kurudi ni kwa hiari.