Siku ya Kwanza ya Mtumishi wa Misaada

Masomo: Nehemia 2:11-16; Luka 17:11-19

Wapendwa katika Bwana, vijana wetu wengi wanatafuta kazi kwenye mashirika ya misaada. Lakini tunamwona mgeni kutoka ng'ambo, amevaa jile ya shirika, na siku yake ya kwanza inapita bila kugawa hata kilo moja ya unga. Anafanya nini?

Kwanza anaelezwa hatari za njia. Pili anazunguka kutazama: maji yako wapi, wagonjwa ni nani, nani analala nje. Nehemia naye alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku kukagua ukuta kabla ya kusema neno la kujenga.

Tatu, anatia sahihi kanuni za mwenendo. Tangu mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine wamepatana hivi: msaada hutolewa kwa kipimo cha shida, bila kuangalia kabila wala dini, wala hautumiwi kuvuta watu kwenye chama au kanisa. Tena ni marufuku kudai mwili wa mtu kwa ajili ya chakula au kazi. Hayo si maneno matupu. Wakati wa Ebola kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, kuna wanawake waliodhulumiwa na watu waliokuja kusaidia. Tume ya uchunguzi ilieleza hayo mwaka 2021.

Sisi wa Likasi tunajua maana ya kanuni hizi. Miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa nyumbani mwao, wakalala kwenye gare wakingoja treni. Mwenye kuwaletea maji angeuliza kwanza kabila, angekuwa upande wa waliowafukuza.

Je, Mkristo aliyeajiriwa afiche imani yake? Hapana. Lakini Yesu aliponya wenye ukoma kumi, akarudi mmoja tu kushukuru, naye Msamaria. Wale tisa hawakunyang'anywa uzima wao.

Kijana, siku yako ya kwanza ndugu wa kanisa anaweza kukupigia simu umwandike kwenye orodha, hali ana chakula nyumbani. Kataa kwa upole. Nasi tuliobaki, tusimpigie.

Bwana atusaidie. Amina.