Seli Iliyodhaniwa Imeshiba

Paukwa! Pakawa!

Mwaka 1878, huko Ujerumani, alikuwako kijana akisomea udaktari, jina lake Paul Ehrlich. Alipenda kutia rangi vipande vya tishu za mwili, kisha kuvichungulia kwa hadubini. Humo akakuta seli zilizojaa punje pomoni. Akadhani zimelishwa zikavimbiwa. Ndizo tunazoziita seli masti.

Kumbe punje zile si chakula. Ni vifuko vya kemikali, mojawapo histamini. Haya, tuseme mama anatandika kitanda, nawe una mzio wa utitiri wa vumbi, kidudu kisichoonekana kwa macho. Kinyesi chake kinapeperuka hadi puani mwako. Seli masti zako zimekwisha kujipamba kwa kingamwili za IgE, zinakingoja kinyesi hicho hicho. Zikikinasa tu, punje zinamwagika: chafya, kamasi, macho yanawasha. Mwenye pumu, kifua kinabana.

Lakini vita hivi vya kinga hula nishati, wanangu. Zipo seli nyingine za kinga, seli T, ambazo ndizo huchochea mwili utengeneze IgE. Zikiwa zimetulia, huunguza chakula taratibu kwa oksijeni, na kila molekuli ya glukosi huzipa takriban vipande 30 vya nishati. Zikiamshwa, hubugia sukari na kuivunja nusunusu, zikapata vipande 2 tu. Wehu huo? Hata kidogo! Mpishi wa karamu mwenye haraka huacha mkaa akachochea makuti: yanaisha upesi, ila moto anaupata sasa hivi. Na mabaki ya sukari hayapotei yote, sehemu yake huundia seli mpya, kwa kuwa seli T moja hujigawa ikawa jeshi zima.

Zipo pia seli T za kutuliza ugomvi. Hizo hutegemea zaidi mafuta kuliko sukari. Tazama maajabu hayo: mpiganaji na msuluhishi, ndugu wa damu, vyakula mbalimbali!

Je, na chakula tunachokula sisi wenyewe? Mwaka 2014 watafiti wa Uswisi waliwalisha panya nyuzinyuzi kwa wingi. Bakteria wa tumboni wakazichachusha kuwa asidi fupi za mafuta, zikasafiri kwa damu, na athari yake ikafika hadi kwenye uboho, kunakozaliwa seli za kinga. Panya hao walipovutishwa utitiri, mapafu yao yalivimba kidogo kuliko ya wenzao.

Ila hao ni panya. Mwenye pumu asije akatupa dawa yake akakimbilia sufuria ya maharage.